Kiangazi hiki usajili masomo mangapi? Kwa vijana wanaosaka udaktari Marekani

Wadau, ifikapo Machi na Aprili simu yangu haipumziki. Vyuo vya huku vinafungua usajili wa muhula wa kiangazi, na vijana wetu wanaosaka udaktari wanaanza na swali lile lile: "Mjomba, nichukue masomo mangapi?" Wengine wanauliza wakiwa wameshajisajili matatu tayari, wanataka baraka tu. Mimi si daktari. Nafanya kazi kwenye maabara ya hospitali hapa Ohio, lakini mengi ya masomo hayo niliyapitia mwenyewe, na hawa vijana nimekaa nao miaka ya kutosha. Kwa hiyo leo naandika mara moja, nikiulizwa tena natuma kiungo basi.

Kwanza kwa mlioko nyumbani, maana huwa mnashangaa kwa nini mtoto wa fulani yuko Marekani miaka yote hiyo na bado hajawa daktari. Bongo ukimaliza Form Six na PCB yako ikiwa imekaa vizuri, unaomba Muhimbili au Bugando moja kwa moja, miaka mitano, halafu mwaka wa mazoezi hospitalini. Huku kwa kawaida unasoma kwanza digrii nyingine miaka minne, ya kitu chochote, hata muziki, ndipo unaomba chuo cha udaktari, miaka minne tena. Baada ya hapo ndio unaanza mafunzo ya ubingwa, yasiyopungua miaka mitatu. Jumlisha mwenyewe.

Hiyo inayoitwa primedi, basi, si digrii. Ni orodha ya masomo ambayo vyuo vya udaktari vinataka uwe umeyasoma ndani ya digrii yako: mwaka mmoja wa bayolojia, mwaka wa kemia ya mwanzo, mwaka wa kemia oganiki, mwaka wa fizikia, yote na maabara zake, kisha bayokemia semesta moja, hesabu au takwimu, na Kiingereza. Mtihani wa kuingilia, MCAT, ulipobadilishwa mwaka 2015, saikolojia na sosholojia nazo ziliingia. Kila chuo kina vijimambo vyake, ila mifupa ndiyo hiyo.

Masomo hayo huwezi kuyapanga unavyotaka. Kemia ina foleni: kemia ya mwanzo sehemu ya kwanza, kisha ya pili, kisha oganiki ya kwanza, oganiki ya pili, halafu bayokemia. Semesta tano, moja nyuma ya nyingine, huruki hata moja. Ukifika chuo hesabu zako haziko sawa, wanakurudisha darasa la hesabu kwanza, na foleni inaanza kuchelewa kabla hujagusa hata bika. Fizikia na bayolojia hazina foleni ndefu namna hiyo. Likumbuke hili, tutalirudia.

Sasa tuje kwenye saa, na hapa naomba muwe na subira, ndipo wengi wanapoumia. Kanuni za serikali kuu ya Marekani zinaihesabu krediti moja kuwa saa moja darasani na angalau saa mbili za kujisomea, kila wiki, kwa takriban wiki 15. Yaani krediti moja ni kama saa 45. Somo la sayansi lenye maabara mara nyingi ni krediti nne, kwa hiyo saa 180. Kiangazi hakipunguzi hata saa moja. (Nasema kiangazi kwa mazoea ya huku, Juni hadi Agosti, wakati Dar ndio kwanza watu wanavuta shuka la kipupwe.) Kinachofanyika ni kuzibana zile saa 180. Wiki 15 ni saa 12 kwa wiki. Wiki 10 ni saa 18. Wiki nane ni saa 22 na nusu. Na kuna vyuo vinakupa wiki tano, hapo ni saa 36 kwa wiki.

Kwa lugha nyepesi, somo moja la wiki tano ni ajira kamili. Mawili kwa pamoja ni saa 72 kwa wiki. Matatu ni 108, na wiki nzima ina saa 168 tu pamoja na usingizi wako.

Ndio maana mtu akiniuliza "masomo mangapi" mimi namuuliza kwanza "ya wiki ngapi, na kwa pamoja au kwa kufuatana?" Kijana anayesoma kemia ya mwanzo ya kwanza Mei na Juni, akamaliza, akaanza ya pili Julai, amesoma masomo mawili kiangazi. Na aliyesoma kemia na fizikia wiki zile zile tano naye amesoma mawili. Hawa wawili hawajafanya kitu kimoja hata kidogo. Wa kwanza amechoka. Wa pili mara nyingi amekimbia darasa moja katikati na kubaki na W kwenye transkripti.

Kuna jingine ambalo hesabu ya saa haionyeshi. Kichwa kinahitaji siku za katikati. Kwenye semesta ya kawaida unafundishwa jambo Jumatatu, unahangaika nalo siku mbili, Jumatano unarudi na maswali. Kiangazi unafundishwa leo, kesho inajengwa juu yake, keshokutwa maabara, Ijumaa mtihani. Ukiugua mafua siku mbili umepitwa na sura nzima. Wale waliozoea kupiga msuli usiku wa kuamkia mtihani, kama tulivyofanya wengi, hapa hakuna huo usiku. Kila usiku ni wa kuamkia mtihani.

Nitoe mfano wa binti mmoja, jina na chuo naviweka pembeni. Alikuja Marekani na wazazi wake akiwa na makaratasi, akamaliza sekondari huku, akaingia chuo cha serikali ya jimbo. Mwaka jana alikuwa amemaliza mwaka wa pili, ana kemia ya mwanzo zote mbili na bayolojia zote mbili. Usiku anafanya kazi nyumba ya wazee, saa 40 kwa wiki. Sehemu ya mshahara huo inalipa ada ya mdogo wake wa kiume anayesoma Morogoro. Akaja na karatasi: oganiki ya kwanza, fizikia ya kwanza na takwimu, kiangazi hicho hicho. Oganiki na fizikia za wiki tano tano, kwa pamoja.

Tukakaa mezani na kalamu. Saa 168. Toa usingizi, saba kila siku, unabaki na 119. Toa kula, kuoga, basi la kwenda na kurudi, ibada Jumapili, tukasema saa tatu kwa siku, unabaki na 98. Toa kazi, 58. Masomo mawili ya wiki tano yanataka 72, na hapo takwimu hatujaigusa. Akasema, "Basi nitalala saa tano, mjomba." Saa tano kila siku zinampa nyongeza ya saa 14, jumla 72. Inatosha barabara, kwenye karatasi! Binti anakesha na wazee wa watu, anawageuza vitandani, asubuhi anakaa mbele ya mirija ya maabara yenye vitu vinavyowaka moto, kwa saa tano za usingizi, wiki tano. Nikamwambia hiyo siyo ratiba.

Nikamuuliza, kwani haraka ni ya nini? Hapo ndipo jambo lenyewe lilipotoka. Baba yake alikuwa anampigia hesabu kila Jumapili: "Wenzako uliosoma nao msingi pale Tabata sasa hivi wako mwaka wa tatu Muhimbili, wewe hata hujaomba!" Na kweli, ukitaka kutoka digrii ya kwanza ukaingia udaktari bila kupumzika, unatakiwa kuomba Juni baada ya mwaka wa tatu, maana maombi yanachukua karibu mwaka mzima. Kuomba Juni maana yake MCAT uwe umeifanya mapema mwaka huo. Na MCAT inauliza bayokemia. Ukirudi nyuma kwenye foleni ya kemia, binti alikuwa amechelewa semesta mbili. Kiangazi ndicho kilikuwa kiraka.

Wazazi wengi wa Kiswahili huku hawaambiwi hili: hakuna anayelazimishwa kuunganisha. Zaidi ya nusu ya wanaoingia vyuo vya udaktari Marekani siku hizi wamekaa angalau mwaka mmoja baada ya digrii ya kwanza kabla ya kuanza. Si kwamba walifeli. Wanafanya kazi, wanajitolea hospitalini, wanafanya utafiti, wanafanya MCAT kwa utulivu. Ukiukubali huo mwaka mmoja, ile foleni inalegea yenyewe. Binti anaweza kusoma oganiki mbili mwaka wa tatu, bayokemia mwanzoni mwa mwaka wa nne, MCAT mwezi wa tatu au wa nne, akaomba Juni anapohitimu. Swali la masomo mangapi kiangazi, ukilichimba, kwa wengi ni swali la unaomba lini. Amua hilo kwanza.

Mwaka mmoja ni ghali? Ndiyo, ni mwaka mmoja wa mshahara wa daktari, baba yake alinikumbusha hivyo kwa sauti ya juu. Sasa tuangalie C inagharimu nini.

Tuseme una krediti 24 za sayansi na GPA ya sayansi ni 3.5. Hizo ni pointi 84. Kiangazi unasoma somo moja la krediti nne, unapata A, pointi 16. Sasa una pointi 100 kwa krediti 28, GPA 3.57. Mwenzako mwenye matokeo kama yako anasoma mawili kwa pamoja, kote anapata C. Krediti nane mara mbili, pointi 16 zile zile! Pointi 100, ila kwa krediti 32. GPA 3.125. Amefanya kazi maradufu, kalipa ada maradufu, kavuna pointi zako, na kashuka. Akitaka kupanda tena, hata akipiga A nane mfululizo za krediti nne nne, anafika 3.56. Bado hajakufikia ulipokuwa kiangazi kile.

Na msije mkasema atarudia somo ifutike. Mfumo wa maombi wa vyuo vingi vya MD, AMCAS, unahesabu gredi zote, ya kwanza na ya marudio. Vyuo vya osteopathia, vile vinavyotoa DO, zamani vilikuwa vinachukua gredi mpya peke yake, utaratibu huo ulifutwa mwaka 2017. Naona ushauri wa zamani bado unazunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Ukisoma kiangazi chuo kingine cha karibu na nyumbani, chuo chako kinaweza kupokea krediti bila kuingiza gredi kwenye GPA yake, lakini AMCAS wanataka transkripti ya kila chuo ulichokanyaga na wanaihesabu. Hakuna pa kuificha. Kwa kulinganisha tu, wastani wa waliopokelewa vyuo vya MD miaka ya karibuni ni GPA inayokaribia 3.8 na MCAT kama 512 kati ya 528. Mwaka 2023 waliomba zaidi ya 52,000, walioanza masomo ni karibu 23,000.

Hawa hawana muda wa kusikiliza kwamba ulikuwa unakesha na wazee. Wengine watasikiliza, ukieleza vizuri. Lakini usipange maisha yako kwa kutegemea huruma ya kamati.

Hela na viza nitapita haraka, kila mtu ana hali yake. Mwenye makaratasi, yaani raia au mkazi wa kudumu, kama anapata ruzuku ya Pell anaweza kuipata na kiangazi, tangu 2017 utaratibu huo ulirudishwa, ila ile nyongeza inakutaka usome angalau nusu ya mzigo, kwa kawaida krediti sita. Hapo ndipo vijana wanapoongeza somo la pili ili wapate hela. Kama lazima, ongeza saikolojia au sosholojia ya wiki nyingi, inahitajika kwenye MCAT na haina maabara. Usiongeze oganiki kwa ajili ya ruzuku jamani. Kumbuka pia Pell ina kikomo cha maisha, sawa na semesta 12 nzima, na kila kiangazi kinakula humo. Ukiacha madarasa yote mapema, chuo kinakokotoa fedha ambazo hukuzistahili, zinarudishwa serikalini, wewe unabaki na deni la ada.

Mwenye F-1: kama umesoma mwaka wako wa masomo kamili na unarudi muhula unaofuata, kiangazi ni likizo yako kisheria, hulazimishwi kusoma hata somo moja. Likizo hiyo unaruhusiwa kufanya kazi saa kamili, ila ndani ya chuo tu, sio kubeba boksi mtaani. Na msidanganyane kwamba krediti za kiangazi zinafidia upungufu wa semesta ya Septemba. Mzigo kamili unahesabiwa kila muhula peke yake. Ongea na ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chako kabla hujagusa ratiba, siyo baada. Tena vyuo vingi vya udaktari havichukui wenye F-1 kabisa, na vinavyochukua vingine vinataka uonyeshe hela ya ada mapema, kwa hiyo GPA yako inabeba mzigo kuliko ya mwenzako.

Je, somo lipi? Maoni yangu, na wengine mtanipinga: fizikia ndiyo inayofaa zaidi kiangazi. Hakuna linaloisubiri kwenye foleni, na mtu aliyesoma PCB au fizikia ya Form Four kwa dhati anakuta nusu ya sehemu ya kwanza anaijua, mwendo, nguvu, nishati. Takwimu nayo inafaa. Kemia ya mwanzo inawezekana kama unaisoma peke yake na huna kazi ya usiku. Oganiki nasita. Wapo wanaoiweza, wanaisoma kiangazi nzima bila kitu kingine chochote, na wanasema kuishi ndani yake kila siku kuliwasaidia. Lakini hao wengi wao nimewaona wanalala kwa wazazi, chakula kiko mezani, hawana saa ya kuingia kazini. Bayolojia ya mwanzo ni maneno mengi ya kukumbuka, na wiki tano kichwa kinashiba. Na MCAT usiitie kwenye kiangazi hicho hicho chenye somo zito. Mtihani wenyewe unakula zaidi ya saa saba siku yake, maandalizi yake ni somo kamili.

Jambo moja dogo ambalo watu hawalifikirii: barua. Vyuo vinataka barua kutoka kwa walimu waliokufundisha sayansi. Mwalimu wa wiki tano hajui hata jina lako la kwanza linavyotamkwa. Usimalize sayansi zako zote kiangazi ukabaki huna wa kukuandikia.

Kabla ya kulipa, fungua tovuti ya vyuo viwili vitatu vya udaktari unavyovitamani uone kama vinakubali masomo ya koleji za jamii na maabara za mtandaoni. Ada ya koleji ya jamii ni nafuu sana na mimi siidharau hata kidogo, ila vyuo vingine vinanung'unika. Angalia pia tarehe ya mwisho ya kuacha darasa bila alama. Kiangazi inakuja baada ya siku chache tu, wengi wanashtuka imepita na hata mtihani wa kwanza haujarudishwa.

Yule binti alichukua fizikia ya kwanza peke yake, ya wiki nane. Saa 22 na nusu kwenye zile 58. Kazi akaibakiza yote 40, ada ya Morogoro haikuguswa. Akapata A. Septemba akaingia oganiki na watu waliokuwa wamelala vizuri kama yeye. Baba yake hakunipigia simu miezi miwili, mama yake ndiye aliyekuwa ananisalimia. Sasa ameanza kuniuliza huo mwaka wa kukaa binti atafanya kazi gani, na kama hospitali yetu inaajiri.

Wadau wa Texas, najua ninyi vyuo vyenu vya serikali vina mfumo wenu wa maombi, TMDSAS, tupeni uzoefu wenu hapo chini. Na kama yupo aliyesoma oganiki zote mbili kiangazi kimoja huku anafanya kazi za usiku, akatoka salama, naomba aandike ratiba yake saa kwa saa. Kuna kijana hapa Cleveland ananing'ang'ania nimwambie kwamba inawezekana.